Mimi, Moza na Kidumbak Kidogo

Nyinyi wasichana mnaokuja barazani kwangu hapa Ibra, Oman, kujifunza ngoma za arusi, kila siku mnaniletea suali moja: Bi Salma, mbona wewe hukupiga kidumbak kidogo? Mnaliuliza kwa adabu na bado linanichoma. Leo nitawajibu, kisha msiniulize tena.

Nianze na mjukuu wangu Rayya, maana yeye ndiye aliyeufufua wivu wangu nilipodhani umestaafu pamoja na mimi. Rayya nimemlea mimi mpaka alipofika umri wa skuli, ndipo wazazi wake wakamchukua Nizwa. Sasa ana kazi yake ya ofisini, na huko huko ndiko alikoposwa. Alipokuja kunipa habari za siku ya hina, nilikuwa nimeshajipangia moyoni. Nimepiga katika hina za watoto wa watu tangu ujana wangu, na siku zote nilikaa kwenye kidumbak kikubwa, pembeni ya Moza. Nikasema hii moja, ya damu yangu, kidogo nitapiga mimi. Mtoto hata chai hajaimaliza, akaniambia, "Bibi, usikasirike, wallahi. Mimi nataka Bi Moza apige kidogo. Lazima yeye."

Nikamwambia inshallah. Nikaenda jikoni nikajitia kutafuta sukari, na sukari ilikuwa pale pale kwenye sinia mbele yetu.

Kwa wale mliokuja juzi, wacha niwaeleze ili mjue kilichoniuma. Vidumbak ni ngoma mbili za udongo zilizowambwa ngozi ya mbuzi, unazibana kati ya magoti. Kikubwa kinashika mwendo. Kinaanza na wimbo na hakibanduki pahali pake mpaka wimbo uishe. Kidogo ndicho kinachosema. Kinachokoza, kinakatiza, kinamjibu mwimbaji, na kazi yake kubwa ni kumwinua bibi arusi. Kwetu sisi, siku ya hina bibi arusi hukaa amefunikwa shela la kijani, na shughuli haijatimia mpaka ainuke acheze duru moja na wanawake wa nyumba yao. Akiinuka, vigelegele vyote huenda kwa mpiga kidogo. Yeye ndiye anayevishwa kanga begani, yeye ndiye anayepakwa mafuta ya udi, na siku hizi simu zote zinamwelekea yeye. Mpiga kikubwa anapata kiwiko chake tu pembeni ya picha. Nina picha nyingi za kiwiko changu.

Aliyenifundisha ni Bi Aziza, Mungu amrehemu, aliyekuja kutoka Unguja na vidumbak vyake ndani ya sanduku la nguo, vimekunjwa katika kanga nane na koti la marehemu mumewe. Bi Aziza hakukuruhusu kugusa ngozi mpaka umalize kopo. Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga, lile kubwa, na unalipiga uani kwake huku yeye anapepeta mchele, hata hakutazami. Ukikosea anasita kupepeta. Hilo ndilo neno lake lote. Nyinyi mnajifunza kwa video, mnarudisha nyuma mara mnavyotaka, na mimi sisemi ni vibaya. Ninachosema ni kwamba video haisiti kupepeta mchele.

Mimi nililipiga kopo mpaka likaingia tumbo. Nilikuja mvua ikinyesha na wadi ya bondeni imejaa maji, nikaja na ujauzito wa mwanangu wa kwanza, na nilikuja siku ambazo mume wangu amenuna. Nilipopewa ngozi nilipewa kikubwa, na nikajua ni daraja ya kupitia tu, kidogo kitafuata. Basi ndipo alipoingia Moza. Yeye hakuja kujifunza kitu. Alimsindikiza wifi yake aliyekuja kuazima sufuria, akakaa kizingitini anakula lozi, na vidole vyake vikawa vinajipigia juu ya paja bila ya yeye kujua. Bi Aziza akaweka ungo chini. Miaka yote ile sikupata kumwona akiweka ungo chini kwa ajili yangu.

Moza hakupiga kopo hata siku moja. Alipewa kidogo mkononi siku ile ile, mbele yangu, na alipokigusa gusa, kile kidude kikaanza kucheka. Nilimfuata Bi Aziza jikoni nikamwuliza kwa nini. Aliniambia mimi mkono wangu unakaa na wa Moza unaondoka, na kila mmoja ana pahali pake. Nikamwuliza kuondoka kuna sifa gani. Akacheka, akanipa vitunguu nimenye. Nilimenya nikilia, na vitunguu vikabeba lawama.

Nisije nikamsingizia. Moza ni mtu mwema, na hilo ndilo balaa. Angekuwa na maringo ningemchukia nikapumzika. Yeye huchelewa, husahau, huazima buibui lako akarudisha la mtu mwingine, kisha hucheka mpaka na wewe unacheka. Tulipomzika mama yangu alilia kuliko mimi, na hata katika hilo nilimwonea wivu, watu wakampa pole yeye.

Sasa nikupeni elimu ya ngozi, maana hii haiko kwenye video. Sisi tulifundishwa kwa mujibu wa Unguja, ambako hewa ni ya bahari na ngozi hulegea muda wote. Kwa hiyo kabla ya kupiga unawasha makaa, unaiotesha ngozi moto mpaka ikaze na sauti ipande. Hakuna aliyefikiri kwamba Oman si Unguja. Arusi yetu ya mwanzo ya maana ilikuwa Jalan Bani Bu Hassan, wakati wa kiangazi, hewa imekauka hata midomo inapasuka. Ngozi ilikuwa imekaza peke yake tangu asubuhi. Na sisi, kama tulivyofunzwa, tukaiotesha.

Wimbo wa pili, bibi arusi bado hajainuka, kikubwa changu kikapasuka mapajani mwangu kwa mshindo mmoja. Siku hizo wanaume wakipiga bunduki hewani arusini, basi wanawake wa Jalan wakadhani bwana arusi ndiye anayefika. Wakapiga vigelegele, wakakimbilia mlangoni, wengine wakamwaga maji ya waridi, na bibi arusi masikini akaanza kutetemeka chini ya shela. Mimi nimekaa na udongo mtupu, ngozi inaning'inia. Na Moza? Moza aliendelea peke yake na kidogo, akaugeuza ule mshindo kuwa ni sehemu ya wimbo, akaurudia kwa kiganja, ta, ta, mpaka watu wakarudi na bibi arusi akainuka. Hadithi hii inasimuliwa hadi leo Jalan. Katika masimulizi yao Moza aliiokoa arusi, na mimi simo.

Tangu hapo tukajifunza. Ibra, Jalan, Nizwa na nchi zote za ndani, ngozi inataka kitambaa chenye maji. Unakikamua vizuri, unapitisha ukingoni tu, usiguse katikati, unasubiri. Sur, kando ya bahari, makaa yanarudi kazini. Na kwenye hizi kumbi mpya zenye baridi ya mashine, ngozi inalegea na makaa wamekataza, basi unamwomba yule dada anayezungusha chetezo apite karibu yako. Unajitia unajifukiza udi, kumbe unaotesha ngoma. Vidumbak vyangu vinanukia kuliko mabibi arusi wengi. Hizo ngozi za plastiki mnazonunua Matrah hazihitaji haya yote, nimezipiga, sauti iko. Hazilegei na hazipasuki. Mimi zinanichosha tu, kwa sababu hazina siku mbaya.

Kuna mengine madogo madogo. Usivae bangili mkono wa kulia. Usile halwa kabla ya kupiga, vidole vitanata. Bibi arusi akichelewa kuletwa, na atachelewa, usiongeze kasi kwa sababu ya wasiwasi, shusha sauti wala usishushe mwendo, watu watazungumza kidogo kisha watarudi wenyewe. Siku moja Sur tulimsubiri bibi arusi mpaka chai ikapita mara tatu, na mimi sikuyumba. Alipotoka, Moza akapiga kidogo mara nne tano hivi za kumkaribisha, mama wa bibi arusi akabubujikwa na machozi, akampa Moza chupa ya manukato kutoka mkobani mwake mwenyewe. Mimi nikapewa sahani ya halwa, nigawe na wenzangu.

Mtaniambia, Bi Salma, si ungetoka ukatafuta kikundi kingine? Nilikwenda. Mudhaibi kulikuwa na wanawake waliokuwa na upungufu, wakaniomba nipige kidogo arusi moja. Sikulala kwa furaha. Nilivaa nguo yangu ya zari, nikakaa mbele, na nikapiga kila kitu nilichowahi kumsikia Moza akipiga, sikuacha hata kimoja. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuinuka mtu. Aliinuka bibi mmoja mtu mzima, moyo ukaruka, kumbe anakwenda kunawa mikono. Wenyewe walinishukuru sana, na kwa namna walivyonishukuru nikajua hawataniita tena.

Nikarudi Ibra kwenye kikubwa. Moza akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa na mafua. Akanitengenezea tangawizi. Niliinywa tangawizi ile kwa hasira mpaka tone la mwisho.

Kwa hiyo mnaelewa alichoniomba Rayya pale barazani kilikuwa na uzito gani. Wageni walinipita miaka yote, nikavumilia, nikasema kazi ni kazi. Lakini huyu nimemwogesha kwa mikono hii hii. Nilitaka siku moja tu mtu wangu ainuke kwa ngoma yangu. Kama naye angeinuka kwa Moza, ningejua kwamba Bi Aziza alisema kweli na kwamba hakukuwa na haja ya mimi kutamani kitu.

Siku ya hina tulikwenda Nizwa kwa gari moja, mimi na Moza nyuma, mwanangu, mama yake Rayya, anaendesha. Sote wawili tumeshaacha kazi, tunatoka kwa ajili ya watu wetu tu. Moza alivua viatu, akatia miguu yake mapajani mwangu kama kawaida yake. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba mtoto kasema kidogo apige yeye. Moza alinitazama sana, na ni nadra kumwona Moza akitazama kitu sana.

"Mtoto anajua nini, shoga yangu," akasema. "Hii damu yako. Leo kaa wewe, mie nitakushikia."

Hebu fikirini. Kitu nilichokitaka umri mzima nakipata, na nakipata kwa sababu Moza kanipa. Hata hicho nikipewe na yeye. Nilitaka kukataa kwa kiburi, na sikukataa.

Tulianza baada ya alasiri, nyumbani kwa mwanangu. Ukumbi umetandikwa mabusati, jamaa wa upande wa bwana arusi wamekaa safu moja, wengi wao Kiswahili hawakijui, wetu wamekaa safu ya pili. Rayya yuko kwenye kiti chake juu ya jukwaa, shela la kijani mpaka kifuani, mikono imenyooshwa juu ya mto na hina yake imeshakauka. Nilipitisha kitambaa cha maji kwenye ngozi zote mbili. Kisha nikakibana kidogo kati ya magoti, na nikastaajabu jinsi kilivyo chepesi.

Sikupiga vibaya. Nasema kwa sababu najua mnataka nianguke ili hadithi iwe tamu. Nilikuwa na umri wa kutosha sasa kutomwiga Moza, nikapiga machache, yangu mwenyewe, na wanawake wakainuka. Mama wa bwana arusi aliinuka. Jirani za mwanangu wakainuka, kukawa na duru nzuri, simu zikatoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu zilinielekea mimi. Nilipendeza, nimeiona hiyo video. Tatizo lilikuwa nyuma yangu. Moza kwenye kikubwa alikuwa akitulia kitambo, mara mkono unamtoroka, anatia pambo pasipo pambo, anarudi, anatoroka tena. Anajitahidi masikini, jasho linamtoka. Nikawa napiga na sikio moja liko kwake.

Na Rayya hakuinuka. Wimbo wa kwanza, nikasema ana haya. Wa pili, mama yake akaenda akamnong'oneza, akatikisa kichwa. Wa tatu ndio wimbo wa nyumba yetu, ule ambao mama yake aliinukia na mimi niliinukia, nikaumimina wote. Shela halikutikisika. Duru ikaanza kupungua, watu wakawa wanatazamana. Nilihisi uso unaniwaka. Nikajiambia, basi, anamtaka Moza, kila mtu ukumbini anajua kwamba anamtaka Moza, na mimi mzee mzima nimejikalisha pahali pa mtu. Nikamaliza wimbo kabla ya mwisho wake, nikainuka, nikapanda mpaka kwenye kiti cha mtoto kumwambia kwamba nampa Moza wake, asiniaibishe zaidi.

Nikainama chini ya shela. Alikuwa analia, wanja umeshuka mpaka mashavuni.

"Nampisha Moza sasa hivi," nikamwambia. "Futa uso."

"Bibi, hujafahamu," akasema. Kiswahili chake ni kile cha watoto wa huku, mnakijua, nusu kimeachwa njiani. "Mimi sikusema Bi Moza apige kidogo kwa sababu yeye hodari. Nilisema ili wewe upige kikubwa. Mimi tangu mdogo nalala na hiyo kikubwa yako, kichwa changu hapa, kwenye paja, yaani naisikia mpaka ndani. Leo nasubiri, nasubiri, haiji. Miguu yangu haijui kuinuka na hiyo ya Bi Moza."

Nilisimama pale chini ya shela, nimeinama, kiuno kinaniuma. Kisha nikageuka kutazama chini ukumbini. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, wanasubiri, na wala sikuwaona. Nilimwona Moza. Amekaa na kikubwa changu kati ya magoti yake, mkono umekilalia juu kama chake, anakipapasa huku anacheka na jirani. Wallahi, wivu nimeujua maisha yangu yote, nimeamka nao na nimeula na chai, lakini ule ulionishika pale sijapata kuujua.

Nikashuka haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Moza aliponiona akanyoosha mkono anipe kidogo nilichokiacha busatini, akidhani tunaendelea.

"Moza, inuka," nikamwambia. "Umekaa pahali pangu."